Njia za shambani zisiue vijito

Mhariri,

Wakulima wengi tukichonga njia ya kupitisha trekta huwaza tairi tu, na maji tunayakumbuka mvua ikishanyesha. Njia inayoshuka moja kwa moja mlimani hugeuka mfereji: udongo wa juu, ule wenye rutuba, huishia kijitoni, tope likafunika changarawe ambamo samaki hutaga mayai.

Njia ifuate kontua, yaani mstari wa mlimani ulio kimo kimoja, na mteremko wake usizidi mita 10 kwa kila mita 100. Yachongwe matuta ya kukinga maji, yaliyolala mshazari, yakiyatoa kwenye njia kidogo kidogo na kuyamwaga kwenye nyasi kabla hayajapata kasi. Mtaro usielekezwe kijitoni kamwe.

Kinachoniuma zaidi ni kalavati, bomba la kupitisha maji ya kijito chini ya njia. Watu hununua bomba jembamba kwa kubana matumizi, wakaliweka juu kuliko sakafu ya kijito. Upande wa chini maji huanguka kama maporomoko madogo, yanachimba shimo, na samaki hawezi tena kupanda. Bomba liwe pana, na sehemu yake ya chini ifukiwe kidogo ili changarawe itande ndani. Pale panapopitwa mara chache, kivuko cha mawe kwenye sakafu ngumu chatosha, tena ni nafuu.

Tuvuke kijito mahali pamoja tu, penye kingo imara, kwa kukikata kwa pembe mraba. Kazi ifanyike kiangazi. Na miti ya kingoni, nawasihi wenzangu, tusiiguse zaidi ya upana wa njia.

Mkulima