Ilani ya ploti niliikuta inakinga jiko la chapati

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nilipokuwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile taarifa yenu kuhusu kanda za matumizi ya ardhi hapa Nakuru, yaani wapi pawe pa makazi na wapi pa biashara, ile yenye picha ya ghorofa lililosimama peke yake katikati ya nyumba za mabati. Mwandishi wenu alimalizia kwa kusema kwamba wakazi hawajitokezi kutoa maoni wakati matumizi ya ploti yanapobadilishwa. Neno hilo limenikaa kooni wiki nzima. Mimi nilijitokeza.

Ploti yetu ina hati ya kukodi ya miaka 99, na katika karatasi yake kuna sharti lililoandikwa waziwazi kwamba ardhi itatumika kwa nyumba ya makazi ya familia moja. Marehemu mume wangu nami tuliinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika, tukajenga chumba baada ya chumba. Wakati mmoja tulitaka kufungua kibanda cha kuuza unga pale getini. Tukaambiwa hapa si mahali pa biashara. Tukatii, na unga tukauzia sokoni kama watu wengine.

Mwaka jana ploti iliyopakana nasi upande wa mashariki iliuzwa. Jioni moja nilitoka kununua chapati kwa dada anayepikia pale kwenye kona. Upepo wa Nakuru mnaujua, na vumbi lake mnalijua. Dada alikuwa amelikinga jiko lake kwa kipande cha bati, upana wake kama trei mbili za mayai. Nikiwa nasubiri zamu yangu nikaona herufi zinachungulia chini ya masizi. Nikainama, nikapangusa kwa ncha ya leso. Ilikuwa ilani, imeandikwa kwa Kiingereza, kwa rangi nyeusi na mkono wa haraka, na maneno ya mwisho yamebanwa hadi ukingoni. Mwenye ploti namba fulani anaomba kubadilisha matumizi kutoka nyumba ya familia moja hadi nyumba za kupangisha pamoja na biashara, na mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 14. Namba ile ilikuwa ya jirani yangu. Nikamuuliza dada bati amelipata wapi. Akaniambia, "Mwalimu, nililikuta limelala mtaroni, nikadhani limetupwa." Nikahesabu tarehe palepale, chapati mkononi. Ilikuwa siku ya 16. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa ofisi husika kabla haijafunguliwa, barua yangu ya pingamizi ikiwa kwenye bahasha ya kaki. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, akaniita mama, akanipa kiti. Kisha akafungua faili, akanionyesha picha: bati lilelile, safi, limepigiliwa misumari kwenye nguzo, jua limeliangaza vizuri. Lilipigwa picha siku ya kwanza, na picha hiyo ndiyo ushahidi kwamba umma umejulishwa. Hakuna picha ya siku ya pili. Hakuna aliyepita siku ya tano kuona kama nguzo bado ina kitu. Picha moja, muhuri, basi, mtaa mzima umejulishwa.

Nikauliza kuhusu rufaa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inampa asiyeridhika na uamuzi siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo. Lakini siku 14 kuanzia lini? Ili uzihesabu lazima ujue uamuzi umetolewa tarehe gani, na tarehe hiyo niliifuatilia kwa njoo Alhamisi, njoo Jumatatu, mwenye faili ametoka. Nilipoipata, siku hizo nazo zilikuwa zimekwisha. Jirani yangu simlaumu. Ana kibali mkononi, na kwa sheria hiyohiyo angejenga bila kibali ndipo angekabiliwa na faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mimi nalaumu utaratibu unaohesabu siku za mwananchi bila kumwonyesha kalenda.

Leo jengo lina orofa sita. Mama yangu mzazi ana miaka 88 na anaishi nami. Asubuhi za huku ni za baridi, na kwa miaka mingi saa moja na nusu nilikuwa namtoa barazani aote jua, miguu juu ya kigoda, redio pembeni. Sasa jua linafika barazani saa tano. Anauliza kila siku kama kuna mawingu. Nguo zetu za asubuhi hazikauki, na sukuma wiki ya upande ule imekuwa na majani ya rangi ya maji.

Nilifundisha Jiografia miaka 34. Kila mwaka darasa la Kidato cha Nne tulilinganisha Nairobi na New York, na wanafunzi waliniuliza kwa nini tusome mji wa mbali hivyo. Nikawaambia habari ya jengo la Equitable lililokamilika mwaka 1915 kule Manhattan, jengo la karibu orofa 40 lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara bila kurudi nyuma hata hatua moja. Kivuli chake kilifunika ekari 7 za mji. Watu wakalalamika, na mwaka 1916 New York ikatunga sheria ya kanda kwa mji mzima: hapa makazi, hapa biashara, hapa pasipo na vizuizi, na jengo likitaka kupanda juu zaidi lirudi nyuma kwa ngazi ili jua lifike chini. Hiyo ni zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wale walikuwa wakigombania jua la barabarani. Mimi nagombania jua la baraza moja, na nimeshindwa kupata hata wa kulizungumza naye.

Wapo watakaosema kanda ni mambo ya wakoloni. Historia hiyo naijua. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alizunguka miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza Mzungu, Mhindi na Mwafrika watengewe sehemu zao, kwa kisingizio cha kuzuia magonjwa. Ndiyo maana hadi leo ukitoka Milimani penye miti na ploti pana ukashuka hadi Bondeni unaona ni kama miji miwili. Lakini dawa ya ubaguzi ule si kuuacha mji ujengwe kila mtu na lake. Aliyekuwa na ploti pana Milimani ana wakili wa kusoma ilani kwa niaba yake. Anayeumia ni sisi wa mitaa ya kati na walio Kaptembwa na Rhonda, ambako nyumba zilitangulia na mabomba yakafuata nyuma, au hayajafika kabisa.

Na mabomba ndiyo yenyewe. Kanda si suala la sura ya mtaa. Mpangaji mji akiandika familia moja kwa ploti, mhandisi anaweka bomba la majitaka la kutosha familia moja kwa ploti. Bomba letu ni la inchi 4. Sasa upande wa pili wa ukuta kuna nyumba 30, na mvua ya Aprili ilipokuja kifuniko cha shimo letu la ukaguzi kilinyanyuka, uchafu wa nyumba 30 ukaingia kwenye njia ya kwenda jikoni kwangu. Nilisimama pale na viatu vya mvua na fagio, mwanamke wa umri wangu. Mji huu umebanwa na mlima Menengai kaskazini na hifadhi ya ziwa kusini, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Kinachoteremka humo kinabaki humo.

Nikiwa bado na kalamu mkononi, niseme pia kuhusu baa. Orofa ya chini ya jengo hilo imefunguliwa baa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto. Kutoka mlango wa baa hii hadi geti la chekechea ni hatua 90, nimezihesabu mwenyewe kwenda na kurudi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi. Kipimo sina, lakini vikombe vyangu vinagongana kabatini. Mmoja anatoa leseni ya pombe, mwingine anabadilisha ploti, wa tatu anahusika na kelele, na ukimwendea mmoja anakutuma kwa mwenzake.

Sasa naomba mambo mawili, na myachapishe kama nilivyoyaandika. Kwanza, wapangaji wa miji nchini wana rangi zao kwenye ramani: kahawia ni makazi, zambarau viwanda, machungwa elimu, kijani burudani, manjano shughuli za umma, nyekundu biashara. Rangi hizo zitolewe kwenye karatasi zinazofungiwa kabatini, zipakwe kwenye nguzo ya zege katika kila kona ya mtaa, mkanda wa upana wa shubiri mbili, kwenye usawa wa macho. Mtoto akitoka shule ajue anakaa kwenye kanda gani. Kona ikitakiwa kubadilishwa kutoka kahawia hadi nyekundu, wote tutamwona mtu amesimama na brashi. Pili, ilani ya kubadilisha ploti iwe na ukubwa wa mlango, iandikwe kwa Kiswahili, ifungwe kwa boliti na si misumari, ipigwe picha kila siku kwa siku zote 14, na kabla hazijaisha isomwe kwa sauti kwenye baraza la chifu, wazee wa nyumba kumi wakiwepo. Siku ambayo picha yake haipo isihesabiwe.

Bati lile ninalo. Dada wa chapati nilimnunulia lingine jipya, la kwake nikalichukua, nami sijaliosha. Kopo la kwanza la rangi ya kahawia nitalinunua mimi, na nguzo ya kuanzia ipo hapa kwenye kona yetu.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru