Yah: Malalamiko kuhusu programu yenu ya kutiririsha video na muziki kutoka kompyuta ya nyumbani

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja niliyelipia leseni ya kudumu ya programu yenu ya seva, ile inayowekwa kwenye kompyuta ya nyumbani ili video, picha na muziki wa mwenyewe vichezwe kwenye simu na tableti. Tangu mlipotoa toleo jipya, siwezi kucheza faili zangu, zilizo kwenye diski yangu, kupitia ruta yangu, mpaka seva za kampuni yenu zinipe ruhusa kwanza. Hilo ndilo linalonifanya niwaandikie.

Jioni moja intaneti ilikatika. Umeme ulikuwepo, ruta inawaka, waifai inafanya kazi. Mama alikuwa kitandani na tableti yake, anataka kumtazama marehemu baba akizungumza katika video tuliyomrekodi miaka ya mwisho ya uhai wake. Faili hiyo ipo chumba cha pili, ndani ya kompyuta iliyokuwa imewashwa. Tableti ikaonyesha kiduara kinachozunguka, kisha ikaandika: "Imeshindwa kuthibitisha akaunti. Angalia muunganisho wako wa intaneti." Nyuma ya maandishi hayo ilionekana picha ndogo ya baba, ile ya jalada la video. Mama akaigusa, akaigusa tena, na maandishi yakarudi yaleyale. Akaniuliza kwa nini video yetu wenyewe, iliyomo humu ndani, inakataa kufunguka. Swali hilo nalileta kwenu, kwa sababu wa kulijibu ni ninyi.

Kiufundi sioni sababu. Vifaa viwili vilivyounganishwa kwenye ruta moja hupewa anwani za ndani, mara nyingi hizi zinazoanza na 192.168, na data inayopita kati yake haitoki nje ya nyumba. Kwa miaka mingi sasa, televisheni zinazofuata viwango vya DLNA (kanuni za pamoja za vifaa vya nyumbani kupeana video na muziki) zimekuwa zikisoma video kutoka kompyuta ya nyumba hiyohiyo bila kuulizwa akaunti. Kinachohitaji intaneti katika programu yenu ni ukaguzi wa akaunti tu, na ukaguzi huo mngeweza kabisa kuuachia seva iliyomo nyumbani kwangu: simu ikishatambuliwa mara moja, itambuliwe na seva hiyo siku zote mpaka mimi mwenyewe niifute. Toleo la zamani lilikuwa hivyo. Mlikiondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi, na katika maelezo ya toleo jipya mliandika tu kwamba "usalama umeboreshwa". Ni kama mtu aliyejenga nyumba yake, kisha kila jioni akalazimika kufuata ufunguo kwa fundi.

Nikiwa mbali na nyumbani, tatizo linachukua sura nyingine. Najua kwamba kuifikia kompyuta ya nyumbani kutoka nje si jambo jepesi. Anwani za IPv4, yaani namba za mtindo wa zamani zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu, akiba kuu ya dunia iligawiwa yote mwaka 2011, na watoa huduma wengi wa intaneti sasa huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya pamoja. Mteja wa namna hiyo hawezi kufunguliwa mlango wa moja kwa moja kwenye ruta yake, na hapo seva yenu ya kati inayopokea data upande huu na kuipeleka upande ule ni msaada wa kweli. Sina ugomvi nayo. Lakini mimi nina anwani yangu ya umma, nisiyoichangia na mteja mwingine, mlango niliufungua kwenye ruta kwa kufuata maelekezo yenu, na ukurasa wa mipangilio unaonyesha alama ya kijani kwamba njia iko wazi. Pamoja na hayo, programu ya simu huamua yenyewe kupitia seva ya kati, na haisemi.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Video ya 1080p inayohitaji megabiti 8 kwa sekunde inanifikia kwa megabiti 2. Nyuso zinavurugika, maandishi hayasomeki, na mtu akitembea kwenye picha anaacha ukungu nyuma yake. Kasi ya kupakia ya intaneti yangu ni megabiti 20, inatosha na kubaki. Nyumbani nako kompyuta inaelemewa, kwa sababu ili kuishusha video kufikia kiwango hicho inabidi iigeuze yote upya inapoendelea kuchezwa: prosesa inafika asilimia 100, feni inavuma. Na faili yenyewe ni H.264 yenye sauti ya AAC, umbizo ambalo karibu kila simu inalisoma bila kugeuzwa chochote! Haya niliyajua kwa kusoma kumbukumbu za seva, yaani faili ambamo inaandika kila inachofanya, mstari kwa mstari. Mteja asiyejua pa kuzitafuta atalaumu intaneti yake, atalipia kifurushi kikubwa zaidi, na picha itabaki mbovu vilevile.

Nilipowaandikia, kitengo chenu kilinijibu nizime ruta kisha niiwashe. Nilipoambatisha kumbukumbu hizo, nikajibiwa kwa maneno yaleyale, na ombi langu likafungwa kama "limetatuliwa". Kufungiwa kesi isiyosomwa kumeniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Naomba mrudishe uwezo wa kucheza faili ndani ya nyumba bila intaneti, na uwe umewashwa tangu mwanzo, usifichwe kwenye mipangilio ya wataalamu. Programu ya simu ionyeshe wazi, video inapochezwa, kama data inapita moja kwa moja au kwenye seva ya kati. Faili ambayo simu inaweza kuisoma ipelekwe kama ilivyo. Pia nataka jibu la maandishi: kila ninapofungua video, seva zenu zinapokea nini? Jina la faili? Muda niliotazama? Maktaba yangu imejaa harusi, misiba na watoto wa ndugu zangu, na hakuna hata mmoja wao aliyeridhia majina yao yafike kwenu.

Nasubiri majibu ya mtu aliyeisoma barua hii, ndani ya siku 14. Kama uchezaji wa ndani ya nyumba hautarudishwa, nitadai fedha zangu za leseni, na nitalifikisha suala hili kwa mamlaka ya kulinda watumiaji. Nimeambatisha kumbukumbu za seva, picha ya ujumbe ule wa tableti na nakala ya majibu ya kitengo chenu.

Wenu,
Mteja wa leseni ya kudumu