Mashine haikufa, ilikufa chipu moja

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: KUNYIMWA CHIPU YA MASHINE YA KUFULIA

Ndugu Meneja,

Mashine yenu ya kufulia nimekaa nayo miaka mitatu bila kuwa na neno nayo. Mwezi uliopita umeme ulikatika ikiwa kazini. Uliporudi, taa zote za mbele ziliwaka kwa pamoja, mlango ukagoma kufunguka, nguo zikalala majini hadi asubuhi.

Fundi aliifungua mbele yangu. Alipima mota, nzima. Pampu, nzima. Mkanda, kipasha maji, vyote vizima. Kilichoungua ni kitu cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimelehemewa kwenye bodi, yaani kile kibao kinachobeba vipuri vya umeme. Akaniambia ni maikrokontrola, yaani kompyuta kamili iliyofinywa ndani ya chipu moja, ina kichakataji chake na kumbukumbu yake. Ndiyo inayosoma kimo cha maji, ndiyo inayofunga mlango, ndiyo inayoamua ngoma izunguke kwa kasi gani. Kumbe kitufe ninachozungusha mbele kinaipelekea habari tu.

Chipu hiyo inauzwa madukani, lakini inauzwa tupu. Programu mliiandika nyinyi, mkaiingiza kiwandani, kisha mkaifunga isisomeke. Fundi hawezi kuinakili hata akipata mashine nyingine kama yangu iliyo nzima. Nilipowaomba chipu yenye programu, mlijibu kwamba mnauza bodi nzima tu. Nilipokubali kununua bodi, mkasema ya toleo langu haitengenezwi tena, ninunue mashine mpya.

Jibu hilo limeniuma. Mashine za zamani ziliongozwa na saa ya meno iliyokuwa ikifungua na kufunga swichi moja baada ya nyingine. Ikikwama, fundi aliiona kwa macho, akaisafisha. Mwaka 1974 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza TMS 1000, moja ya maikrokontrola za kwanza, na tangu hapo kompyuta za namna hii zimeingia kwenye rimoti, mizani, hata mswaki wa umeme. Sizikatai, zinafanya kazi nzuri. Ila saa ile ilipokufa haikuondoka na siri ya mtu.

Kuna jambo jingine, na hili nataka lifike kwa wahandisi wenu. Pale umeme unapoingilia kwenye bodi pamechorwa nafasi ya kinga ya kuzuia umeme unaopanda ghafla, na matundu yake yametobolewa. Kinga yenyewe haimo. Aliyechora bodi alijua inahitajika; nani aliamua iachwe?

Naomba mniuzie chipu iliyokwisha kuingizwa programu ya toleo langu, au mumpe fundi programu hiyo aiingize mwenyewe. Naomba pia maelezo ya maandishi kuhusu kinga hiyo.

Nimeambatisha risiti, namba ya mashine na picha za bodi. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Mashine ipo palepale, sijaitupa.

Mteja wenu.