MBA ya jioni, mwalimu anasoma slaidi

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mimi ni meneja wa ghala hapa Dar, miaka 17 kazini, mwaka jana nikajiunga na hizi MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, za watu wazima, zile za jioni na wikiendi. Wazo lenyewe zuri sana, Chuo Kikuu cha Chicago kilianza nalo tangu 1943, kwamba meneja asome bila kuacha kazi, cha darasani akakijaribu ofisini kesho yake.

Sasa huku kwetu natoka kazini saa kumi na moja, nagombania daladala, nafika jasho linanitiririka, mwalimu anafungua slaidi anazisoma neno kwa neno, mifano yote ya viwanda vya magari Marekani, na humo ndani tumekaa watu tunaojua kontena likikwama bandarini storeji inavyokula hela, wala hakuna anayetuuliza! Jamaa mmoja wa benki anasinzia mpaka kalamu inadondoka. Nyumbani nafika saa nne watoto wamelala, wife ananiuliza hiyo digrii inaisha lini.

Halafu tasnifu. Sura ya kwanza nimemtumia msimamizi, mwezi wa tatu huu kimya, ila meseji ya ada haichelewi hata siku moja. Kwani wakituruhusu tuandike tatizo halisi la ofisini kwetu wanapungukiwa nini, badala ya dodoso 100 ambazo, tuambiane ukweli, wengine wanajijazia wenyewe usiku?

Mwanafunzi mzee,
Mbagala, Dar es Salaam