Umesevu, lakini faili halijafika kwenye diski

Mvua za Mbeya zikianza, kwenye Novemba hivi, na radi zake, meza yetu ya ufundi hapa Mwanjelwa hujaa kesi za aina moja. Umeme umekatika, kompyuta imezimika ghafla, na faili ambalo mteja ana uhakika alilisevu halipo, au limerudi kuwa la asubuhi. Wengi huja wakisema ni virusi. Mara nyingi si virusi.

Ukibonyeza kuhifadhi, kazi yako hukaa kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta inayofutika umeme ukikatika, maana diski ni nzito kuandika. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, huigawa RAM katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na kila ukurasa uliobadilika huwekewa alama kwamba bado haujaandikwa. Kwenye Linux, mmoja wa mifumo hiyo, usipogusa mipangilio, kila baada ya sekunde 5 mfumo hupitia alama hizo, na kurasa zilizosubiri zaidi ya sekunde 30 hupelekwa kwenye diski. Ni kama karani wa kahawa kule Mbozi anayeandika kilo kwenye karatasi kabla ya kuzihamishia kwenye leja: karatasi ikilowa mapema, leja haina habari.

Kazi ngumu ni kujua alama iondolewe lini. Ikiondolewa baada ya kuandika, badiliko ulilofanya katikati ya uandishi litafutiwa alama nalo, na halitaandikwa kamwe. Kwa hiyo mfumo huiondoa kabla tu ya kuandika; ukigusa ukurasa tena, alama inarudi.

Na diski ikigoma? Hapa ndipo tunapowasihi wenye maduka na SACCOS wasikilize. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux uandishi ukishindikana, alama inaweza kuondolewa vilevile. Programu ikiuliza mara ya pili kama data imefika kwenye diski, inajibiwa kuwa mambo ni shwari, kumbe data haikufika. Mwaka 2019 wakabadilisha: ikitokea hitilafu hiyo, hifadhidata inajizima na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu yake ya miamala. Kwa hiyo seva yako ikileta ujumbe wa hitilafu ya diski, usibonyeze sawa ukaendelea kuuza. Tupigie.

Tunafunga UPS, yaani kifaa cha betri ya akiba, na kuiunganisha na kompyuta ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. Tunapima afya ya diski na kuweka nakala rudufu. Flashi nayo, hata mstari wa kunakili ukifika mwisho, itoe kwa utaratibu kwanza.

Kilichokuwa kwenye RAM pekee hatuwezi kukirudisha, wala hatutakutoza kwa kujaribu. Kilichofika kwenye diski kisha kikafutika, kinaweza kupatikana, ila ilete mashine ikiwa imezimwa. Kila unapoiwasha, mfumo unaweza kuandika vitu vipya juu ya vile tunavyovitafuta.