Barua ya wazi kwa TCU: sikoseli haisubiri kikao cha chuo

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

Yah: Mitihani ya wanafunzi wenye maradhi ya kudumu

Mchana natunza stoo, jioni nasomea shahada ya uhasibu, hapa Mbeya. Nina sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa.

Kazini sheria inanijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Bosi anaweza kununa, lakini akiona cheti cha daktari hana la kusema. Jioni nikiingia darasani na mwili uleule, sina changu.

Chembe za damu zetu hujikunja na kuziba mishipa midogo. Maumivu hushika bila hodi, na huchochewa na baridi, uchovu na kukosa maji. Sasa tazama ratiba: mitihani ya muhula wa pili huangukia Juni na Julai, baridi ya Mbeya imekolea, nasi wa jioni tumetoka kazini mbiombio, hata maji hatujanywa. Adui angepanga hivyohivyo.

Chuoni kwangu, aliyelazwa siku ya mtihani huandika barua, huambatanisha cheti, husubiri kikao. Kwa mwenye malaria inatosha. Anaugua, anapona, yameisha. Mimi kila muhula nathibitisha upya ugonjwa ulioandikwa kwenye faili langu la kliniki tangu utotoni. Kikao kikichelewa, somo linangoja mwaka mzima maana hufundishwa muhula mmoja tu, na ada ya mwaka huo wa ziada inatoka kwenye mshahara uleule uliokwisha kukatwa nusu. Wapo waliodisko hivyo, yaani kuondolewa chuoni, na hesabu walikuwa wanaziweza.

Naomba miongozo ya Tume iviagize vyuo viipokee barua moja ya daktari bingwa kwa muda wote wa masomo, na mtihani maalumu ufanyike kabla ya muhula unaofuata kwisha, bila ada mpya. Alama za bure siombi. Mwenye kifafa, kisukari au anayesafishwa figo kila wiki atanufaika pia.

Mtasema vyeti vya kughushi vitaongezeka. Barua moja iliyohakikiwa na hospitali ni rahisi kukagua kuliko rundo la vikaratasi vya kila muhula.

Tungeshukuru kupata jibu kabla ratiba ya Juni haijabandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa jioni, Mbeya