Antena bapa si uvumbuzi wa juzi

Mhariri,

Katika maelezo mengi kuhusu intaneti ya setilaiti, antena bapa inayofuata setilaiti angani bila kuzunguka hutajwa kana kwamba ilizuka pamoja na huduma hiyo. Naomba nafasi nieleze kwamba kanuni yake ni kongwe, na kwamba upya wake uko kwingine.

Mwaka 1905 mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun, aliyekuja kugawana Tuzo ya Nobel na Marconi mwaka 1909, alionyesha kwamba antena tatu zinazorusha wimbi lilelile kwa awamu tofauti, yaani vilele vya mawimbi vikipishana kidogo kwa wakati, zaweza kuelekeza nguvu upande mmoja. Mawimbi yanayolingana hutiana nguvu na yanayopingana hufutana, hivyo katika antena bapa, ambayo ni mkusanyiko wa antena ndogo nyingi, anayetawala awamu ya kila antena ndogo huugeuza mwale mzima kwa mikrosekunde, bila mota yoyote. Kwa miongo mingi ufundi huo ulikuwa wa majeshi hasa, kwa sababu rada moja huweza kubeba maelfu ya antena ndogo, na vifaa vya kuziongoza vilikuwa ghali.

Kilichobadilika ni chipu. Silikoni imewezesha saketi za antena ndogo kadhaa kukaa pamoja katika chipu moja inayotengenezwa kwa wingi, na kwenye rada galiamu nitraidi, mada ya kutengenezea chipu, inatoa nguvu kubwa kuliko galiamu asenaidi iliyoitangulia. Lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kuunda mwale kwa hesabu: mawimbi yanayopokewa na kila antena ndogo hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha kompyuta huchota humo miale mingi kwa wakati mmoja. Rada ya hali ya hewa ya namna hiyo haina haja ya kungoja sahani izunguke kwa dakika kadhaa. Huirudia dhoruba inayokua kila inapohitajika.

Yanayosahaulika ni mapungufu. Mwale ukiinamishwa nyuzi 60 kutoka wima wa antena, eneo linalofanya kazi hubaki nusu, ndiyo maana antena bapa hudhoofika setilaiti inapokaribia upeo wa macho. Tena, antena ndogo hupangwa kwa umbali wa takriban nusu ya urefu wa wimbi, ambao kwa gigahezi 28 ni kama milimita 5 tu, na joto la saketi zote zilizosongamana humo lazima lipate pa kutokea.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wenu wanapoletewa habari za antena mpya, nashauri wasiishie kuuliza kasi ya intaneti, bali waulize pia inainamisha mwale hadi nyuzi ngapi na inakula wati ngapi.

Msomaji wenu,
Mhandisi wa mawasiliano